Sahani Isiyo na Jina

Hapo juzi, wala si zamani za kale, palikuwa na nchi moja yenye amani nyingi kiasi kwamba serikali yake ililazimika kuajiri watu wengi sana wa kuilinda hiyo amani isitoroke. Jina la nchi limesahaulika, na si adabu kulikumbuka.

Siku moja fundi cherehani wa nchi hiyo aliingia posta kutuma barua. Alipokuwa kwenye foleni aliitazama picha ya Mtukufu Kiongozi ukutani, kisha akavitazama viatu vyake mwenyewe vilivyotoboka, akatikisa kichwa. Alikamatwa kabla hajafika dirishani. Mahakamani, hakimu mmoja wa kizamani aliyebakiza wiki mbili astaafu aliuliza kosa hilo linaitwaje. Mwendesha mashtaka alifungua vitabu vyake vyote, akavifunga. Kosa halikuwa na jina. Ndipo hakimu akatamka maneno ambayo tangu siku hiyo yamekuwa nguzo ya sheria za nchi: "Kisicho na jina hakikatazwi." Fundi akaachiwa. Hakimu alistaafishwa jioni ileile, lakini hukumu yake haikuwezekana kutenguliwa, kwani kwa mujibu wa sheria mwenye mamlaka ya kuitengua alikuwa yeye peke yake.

Basi serikali ikafanya lile linalofanywa na kila serikali yenye busara: ikaunda idara. Idara ya Majina na Maana ilipewa jengo la ghorofa tano na kazi moja, kuyapa majina yale yote ambayo wananchi huyafanya bila jina, ili yakishapata majina yaweze kukatazwa, au angalau kuombewa kibali. La fundi ndilo lililokuwa la kwanza. Liliitwa mshukojicho, kifungo miaka mitatu, na fundi mwenyewe akawa wa kwanza kukitumikia. Kweli alikuwa ametenda kosa kabla halijazaliwa, lakini iliamuliwa kwamba alilitangulia kwa makusudi.

*

Bingwa wa idara hiyo alikuwa Shaweji Makungu, mwalimu wa lugha wa zamani, mtu mwembamba mwenye masikio makubwa na moyo laini. Alisimamia Sehemu ya Tabia Ndogondogo na Mambo ya Roho. Kazi aliipenda kupita kiasi. Aliamini kwamba kuipa tabia ya binadamu jina ni kama kumpa mtoto jina siku ya saba: ni kumkaribisha duniani. Alishinda kwenye mabaraza ya kahawa akisikiliza, anachekacheka peke yake, anaandika.

Ni yeye aliyeleta chekabla, yaani kicheko cha mtu anayecheka kabla hajakifikisha mwisho kichekesho chake mwenyewe, akabaki anajifuta machozi na wenzake wanamkodolea macho. Akaleta agarefu, kuaga kwa wale wageni wanaosema kwaheri wakiwa wamekaa, wakaaga tena wamesimama, wakaaga mlangoni, na hadithi yenyewe waliyoijia ikaanzia hapo. Na akaleta mnjiani, yule mtu anayekuambia kwenye simu kwamba yuko njiani anafika sasa hivi, na huku bado ana povu la sabuni masikioni. Watu waliyapenda maneno haya, wakayatumia kutaniana. Mwezi mmoja baadaye agarefu iliwekewa kikomo cha dakika tano, na chekabla kwenye mikutano ya hadhara ikahitaji kibali cha mkuu wa wilaya. Shaweji alisikitika kidogo, kisha akajiambia kwamba mchonga mwiko hana kesi na mchuzi.

Mambo ya roho ndiyo yaliyompa taabu. Mizimu aliiita wananchi wastaafu, ili ijulikane iko chini ya wizara gani. Sala ikawa ombi lisilo na fomu. Majuto yakawa fikra zilizochelewa. Dhamiri ilimkosesha usingizi miezi miwili, mwishowe akaiita kinong'onezi, na ikaamriwa kila mtumishi wa umma akisikia kinong'onezi chake kinasema lolote aripoti kwa mkuu wake wa kazi ndani ya saa ishirini na nne. Hadi leo hakuna aliyeripoti.

Maneno ya zamani yaliandikiwa barua za kustaafu, yakafungiwa ndani ya kabati la chuma ghorofa ya chini. Bi Kazija, mama aliyefanya usafi wa jengo, alikuwa akipiga hodi kila anapotaka kulipangusa vumbi kabati hilo. Alipoulizwa sababu alijibu kwamba humo ndani mna watu wazima, na kwamba mmoja wao, wa upande wa kushoto, ana kikohozi kibaya. Kamati ikaundwa, ikasikiliza, ikapendekeza kabati lihamishiwe upande wa pili wa ukumbi. Likahamishwa. Kikohozi kilibaki palepale ukutani.

*

Shaweji alikuwa na mtoto mmoja tu, Ngwali, mwalimu wa hesabu, kijana wa miaka ishirini na sita. Siku moja palikuwa na mkutano ambapo kiongozi mkubwa alitangaza kwamba mradi wa maji umekamilika kwa asilimia mia na saba. Ngwali alinyoosha mkono akauliza maji yako wapi. Kesho yake lilikuja gari jeupe, wakashuka watu watatu waungwana sana. Walimwambia mama yake asiwe na wasiwasi, wanampeleka akajibiwe.

Mwezi huohuo wengine wengi walipelekwa kujibiwa, na hakuna aliyerudi na jibu. Kina mama walipoanza kukusanyika nje ya ofisi za serikali, redio ilitoa taarifa. Ilisema kwamba serikali haijapoteza mtu yeyote, wala haina desturi hiyo. Wote wanaotajwa ni wanjiani.

Shaweji alikuwa mezani anakunywa chai. Neno lake lilimwingia sikioni kutoka redioni kama mtoto wake mwenyewe aliyevalishwa nguo za mtu mwingine. Mkewe, Mwanatumu, aliuweka upawa chini, akamtazama.

Katika nchi hiyo mwanamke hamwiti mumewe jina lake, humwita kwa mtoto wake. Tangu Ngwali azaliwe Shaweji alikuwa Baba Ngwali ndani ya nyumba ile: Baba Ngwali njoo ule, Baba Ngwali umeiacha taa, Baba Ngwali acha kuandika ulale. Kuanzia asubuhi hiyo Mwanatumu hakumwita tena. Akimtaka aje mezani aligonga sufuria kwa mwiko. Akimtaka usiku wa homa alikohoa. Serikali nayo, kwa ajili ya utaratibu, iliyafuta majina ya wanjiani wote katika daftari la taifa, kwa hoja kwamba mtu aliye safarini hana anwani, na asiye na anwani jina lake litahifadhiwa wapi.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Shaweji aliendelea kwenda kazini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa, na hilo bado halijapewa jina jipya kwa sababu lingewahusu wengi.

*

Mwezi uleule alipochukuliwa Ngwali, Mwanatumu alikuwa ameanza kupakua sahani ya mwanawe. Kila adhuhuri aliijaza kama Ngwali alivyopenda, akaifunika kawa, akaiweka mkekani mahali alipokuwa akikaa. Haikufunuliwa mpaka alasiri, kisha alipewa yeyote apitaye. Hakuna aliyemfundisha. Na hakuna aliyewafundisha wale wengine, maana ilikuja kujulikana kwamba kila nyumba yenye mnjiani inafanya vivyo hivyo, kutoka milimani hadi mipakani, bila kushauriana. Hawakuandamana wala kupiga kelele. Walifunika chakula tu. Kawa zikaadimika sokoni.

Serikali iliingiwa na baridi. Maafisa walipita nyumba kwa nyumba kuhesabu, wakarudi wameshindwa kuandika ripoti, kwa kuwa hawakujua wanahesabu nini. Ikatolewa amri ya haraka kupiga marufuku kufunika chakula. Kwa siku tisa taifa zima lilikula pamoja na nzi, mawaziri wakiwemo. Siku ya kumi Baraza la Mawaziri liliitishwa kwa dharura likashindwa kukaa, kwa vile kila mjumbe alikuwa na kikao chake binafsi cha faragha ambacho hakikuweza kuahirishwa. Amri ikafutwa. Ilionekana wazi kwamba linahitajika jina mahsusi, la sahani ile tu na kawa ile tu.

Jumamosi moja Waziri wa Majina na Maana, Mheshimiwa Sululu, alishuka mwenyewe hadi ofisini kwa Shaweji. Alianza kwa kumweleza kwamba taifa limefika njia panda ya kihistoria, na kwamba katikati ya hiyo njia panda mtu asiye na nia njema ameweka sahani. Aliendelea hivyo kwa robo saa. Kisha akafunga mlango, sauti ikashuka.

"Nataka neno moja, fupi, linaloingia kwenye fomu," alisema. "Jumamosi ijayo saa nne. Ukilileta, siku hiyohiyo mwanao atamaliza safari. Umenielewa?"

Shaweji alimwelewa. Aliuliza je, akilikosa.

"Basi na wewe jina lako tutalifuta," alisema Waziri, akampapasa bega kwa huruma.

*

Alimsimulia mkewe yote. Mwanatumu alisikiliza huku anachambua mchele, akaendelea kuchambua hata baada ya mchele kwisha kuchambuka.

Mizani ilikuwa wazi, na Shaweji aliiona kila alipofumba macho. Upande huu kuna Ngwali anayeingia mlangoni, amekonda lakini yu hai. Upande ule kuna askari wanaoingia maelfu ya nyumba adhuhuri, wanafunua kawa, wanasoma jina la kosa kutoka kwenye karatasi. Aliwaona wale kina mama wakivuliwa kitu cha mwisho walichobakiwa nacho. Na bado, Mola amsamehe, alimtaka mwanawe.

Neno lilimjia siku ya tatu, lenyewe, kama chafya. Lilikuwa neno zuri kuliko yote aliyowahi kuyatunga, silabi nne, mtu akilisikia mara moja angedhani amezaliwa nalo. Halitaandikwa hapa, kwa sababu wanaosoma ni wengi na si wote tunaowajua. Aliliandika kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akakitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Siku mbili zote alikisikia pale kikiwa cha moto.

Ijumaa alirudi nyumbani mapema. Harufu ya pilau ilijaa uani. Mwanatumu alikuwa ametoka kupeleka kisinia kwa jirani, na sahani ilikuwa mahali pake mkekani, imefunikwa. Kwa miaka mitatu Shaweji hakuwahi kuinua kawa ile. Alipita pembeni yake kama mtu anavyopita pembeni ya mdai, siku zote akijisemea kwamba atakayeila ni apitaye njia. Siku hiyo, kwa kuwa alikuwa na neno mfukoni, alidhani ana haki ya kukitazama alichokipa jina. Alipiga magoti, akainua.

Pilau ilikuwa imeliwa upande mmoja, taratibu, na mtu asiye na haraka. Na ukingoni mwa sahani palikuwa na karafuu nne, zimepangwa mstari, nafasi kati yake sawasawa.

Ngwali alikuwa hali karafuu. Tangu ana meno ya utotoni alizichambua moja moja kutoka kwenye pilau, wala hakuzitupa. Alizipanga ukingoni kwa mstari, vichwa vikielekea upande mmoja, kisha akazihesabu. Hata ukubwani, na ndevu zake, alizipanga. Ilikuwa tabia ndogo ya kuchekesha, mali ya mtu mmoja tu duniani, na Shaweji, aliyekuwa akibeba tabia za kila mtu kuzipeleka ofisini, hiyo peke yake hakuwahi kuipeleka.

Hakusikia mkewe akiingia. Alipogeuka alimkuta amesimama mlangoni na kisinia kitupu.

"Tangu lini?" alimuuliza.

"Tangu mwezi ule wa kwanza. Kila siku. Siku za pilau hujua kwa karafuu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeipa jina," alisema Mwanatumu.

Shaweji alikaa chini. Mlango alikuwa ameukuta umefungwa kwa komeo kwa nje, dirisha lilikuwa na nondo, na hakuna gari lolote jeupe lililosimama nje. Anayekuja kula hivyo hayuko mbali, wala hakuna mtu mwenye mamlaka ya kumleta. Waziri alikuwa amemwahidi kumrudisha mtu ambaye alikwisha kurudi, kwa njia pekee waliyomwachia. Alilia kwa sauti, mikono juu ya mkeka, mzee mzima, akilia miaka mitatu kwa mpigo. Mwanatumu hakumnyamazisha. Alikaa upande wa pili wa sahani, wakawa wawili, na katikati yao chakula kikaendelea kupoa.

*

Jumamosi saa nne kasoro ukumbi ulijaa. Palikuwa na bendi, palikuwa na maua ya plastiki, palikuwa na askari sita waliokwisha kuandaliwa kuanza kulitekeleza neno mara tu litakapotamkwa. Shaweji aliingia kupitia ghorofa ya chini. Mbele ya kabati la chuma alisimama, akapiga hodi kama alivyozoea kumwona Bi Kazija akipiga. Alitoa karatasi mfukoni, akaitia mdomoni, akaitafuna mpaka ikalainika, akaimeza. Bi Kazija alikuwa hapo na ufagio wake. Alimpa maji. Kikohozi cha ukutani, ambacho mama huyo alizoea kukisikia kila asubuhi, hakikusikika.

Ukumbini Mheshimiwa Sululu alihutubia dakika arobaini kuhusu mchango wa vyombo vya jikoni katika kudhoofisha uchumi. Kisha akapokea fomu ya Shaweji kwa mikono miwili, akaisoma. Akaigeuza nyuma. Akaigeuza tena.

"Hapana kitu hapa," alisema.

"Hapana, Mheshimiwa."

"Bingwa mzima kashindwa na sahani?"

"Nimeitazama kwa karibu, Mheshimiwa," alisema Shaweji. "Haina jina."

Hapo ndipo kilipokuja kikohozi. Hakikutoka kwa mtu. Kilipanda kutoka chini ya sakafu, kikohozi cha mzee anayetaka kuongea, na watu mia tatu wakatazama miguu yao. Bendi, kwa kutojua la kufanya, ilipiga wimbo wa taifa.

Kufutwa jina kulichukua dakika chache. Karani alilisoma jina la Shaweji Makungu mara ya mwisho, akalipiga muhuri mwekundu. Seremala alikibandua kibao cha mlangoni. Waliohudhuria waliamriwa kumsahau, na kwa vile walikuwa watumishi wa umma walianza papo hapo.

*

Njiani hakuna aliyemsalimu. Kinyozi aliyemnyoa kwa miaka kumi na minne aligeukia ukuta. Muuza magazeti alimpa gazeti asiyekuwepo pembeni yake. Shaweji alijisikia mwepesi wa kutisha. Alitembea juani akiangalia chini mara kwa mara, kuhakikisha kivuli bado kinamfuata. Aliwaza kwamba huenda hivi ndivyo mwanawe anavyopita njia hii kila adhuhuri kwenda kula.

Nyuma yake alifuata karani yule wa muhuri. Sheria ilitaka siku ya kwanza ahakikishe hakuna anayemwita aliyefutwa kwa jina lake. Alikuwa mtu wa makamo, mnyamavu, daftari lake limefungwa kwenye nailoni lisilowe. Walipofika, Mwanatumu alimkaribisha kama mgeni mwingine yeyote, maana katika nyumba hiyo mtu hasimami wenzake wakila. Karani alisita, akavua viatu, akakaa ukingoni mwa mkeka, daftari mapajani.

Ilikuwa pilau tena, ingawa haikuwa Ijumaa. Sahani ya Ngwali ilikuwa mahali pake, imefunikwa kawa.

"Nimewapa karatasi tupu," Shaweji alimwambia mkewe. Alikuwa bado amesimama, kwa kuwa hakuwa na hakika kama mtu asiye na jina huketi.

Mwanatumu alimtazama muda mrefu. Hakugonga sufuria.

"Baba Ngwali," alisema, "njoo unawe."

Miaka mitatu hajalisikia. Shaweji akanawa. Karani naye alikwisha kufungua daftari, anapekua kurasa, kidole kinashuka, kinapanda.

"Limefutwa Shaweji," alisema mwishowe. "Baba Ngwali halimo. Halikuwahi kuandikishwa."

"Na Ngwali?" aliuliza Mwanatumu.

Karani alipekua nyuma, mbali, mpaka kwenye kurasa zilizoanza kuwa njano. "Hilo lilifutwa miaka mitatu iliyopita. Si jina tena." Alifikiri kidogo, jasho likimtoka. "Na kisicho jina hakikatazwi. Kisheria, mama, hujasema kitu."

"Basi ngoja nisiseme tena," alisema Mwanatumu, akamgeukia mumewe. "Baba Ngwali, kaa. Lakini sogea kidogo, hapo umemkalia mwenzio."

Baba Ngwali akasogea. Jua la adhuhuri lilikuwa limejaa uani, hakuna kivuli cha kujifichia chochote. Kutoka chini ya kawa ilisikika sauti ndogo kavu, ya kitu kidogo kikiwekwa kwa uangalifu ukingoni mwa sahani ya bati. Halafu ya pili. Karani alikuwa na kaka aliyepelekwa kujibiwa, na mama aliyekuwa akifunika sahani kila siku, na kwa miaka mitatu alikuwa akila chakula cha mchana ofisini. Aliitazama kawa. Kisha, bila kuambiwa na mtu, alifunga daftari lake, akalisukuma nyuma yake, na yeye pia akasogea.